Sarafu Ngeni na Kopo la Mama

Mwezi huu nilikuwa nimeandaa habari za uji wa mtoto anayeanza kula, lakini nimeiweka kando kwanza. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Juni 2025, nami nimeona niliandike jinsi lilivyotokea. Ni habari ya fedha ndogo ndogo, zile tunazozifunga kwenye pindo la khanga. Mtanivumilia nikichepuka kidogo kwenye mambo ya kliniki, maana muuguzi ni muuguzi hata akihesabu chenji.

Wengine wenu mnafahamu kwamba niliondoka nyumbani mwaka 2006 kwenda Uingereza, nikawa huko nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilirudi mara moja tu, mwaka 2012, kumzika baba. Zilikuwa siku tisa za msiba na sikumbuki hata niliishika noti gani. Kisha Desemba 2024 tukarudi moja kwa moja, mimi na binti yangu mwenye miaka kumi na miwili, baba yake akiwa ametangulia Dar es Salaam.

Kutoka Mombo tulipanda Kosta ya kwenda Lushoto. Wanaoifahamu njia ile wanajua jinsi joto la bondeni linavyokuacha kidogo kidogo kila unapopinda kona, na harufu ya udongo mbichi inavyoingia dirishani. Gari liliposimama Soni, vijana wakaja na matunda yao. Ulikuwa msimu wa plamsi. Nikanunua za shilingi elfu moja na mia tano, nikatoa noti ya elfu mbili. Kijana akanirudishia kipande cha chuma cheupe, kikubwa, kizito. Nikakigeuza, nikamrudishia. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni ya nchi gani? Nipe ya Tanzania."

Gari zima likacheka. Kijana naye akacheka, akasema, "Mama, hiyo ni jero!" Dada mmoja aliyekaa karibu nami, mwenye mtoto mgongoni, akanionea huruma. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni mia tano, mama. Ina miaka kumi sasa."

Ndivyo nilivyokutana na sarafu ya shilingi mia tano. Upande mmoja yupo Mzee Karume, upande wa pili nyati. Baadaye nilielezwa kwamba Benki Kuu iliitoa Oktoba 2014. Noti ya mia tano ilipita katika mikono mingi mno na kuchakaa upesi, na chuma hudumu miaka mingi kuliko karatasi. Sina ubishi na hilo. Aliyewahi kurudishiwa noti ya mia tano na muuza dagaa anajua ilivyokuwa, imelowa, imekunjwa mara nane, na huwezi kuiweka karibu na mkate. Lakini aibu ya Soni ilinipata hasa. Nilikuwa nimezaliwa maili chache tu kutoka pale, na kijana wa kuuza plamsi ndiye aliyenifundisha fedha ya nchi yangu.

Jioni ile nyumbani kwa mama nilimwaga mezani chenji yote niliyoipata njiani tangu Ubungo. Binti yangu akaja kuangalia. Yeye amekulia kwenye kugusisha kadi dukani. Akaniuliza, "Mama, hii ndiyo hela?" Nikamwambia ndiyo, na hata hilo neno lenyewe "hela" lilitoka kwenye sarafu. Wajerumani walipoitawala nchi hii, na mji wetu wa Lushoto wakauita Wilhelmstal, kuanzia mwaka 1904 rupia yao moja waliigawa katika heller mia moja. Heller zenyewe zimekwisha miaka mia iliyopita, wazee wetu wakalibakiza jina.

Sarafu ya mia niliitambua mara moja, Mwalimu upande mmoja na swala upande mwingine. Ile ya mia mbili yenye simba pia niliifahamu, maana ilitoka mwaka 1998 na ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote nilipoondoka. Ya hamsini, ya Mzee Mwinyi na kifaru na mtoto wake, ilikuwapo moja tu. Nikasubiri nione ya ishirini, ile yenye tembo na ndama wake. Haikuwapo. Wala ya kumi, wala ya tano. Kesho yake nilimwuliza muuza duka wa pale njiani kama anazo. Akanitazama kama ninamdai deni la marehemu. "Mama, hizo hata mtoto hazipokei," akasema. Hakuna aliyezikataza. Hazina tu cha kununua. Andazi nililoliacha kwa hamsini nimelikuta kwa mia mbili, na si kubwa zaidi.

Mama yangu sasa ana zaidi ya miaka themanini na macho yake yana mtoto wa jicho. Nilidhani nitamfundisha sarafu hii mpya. Kumbe yeye ndiye aliyenifundisha. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha kiganja, akasema nimtilie moja moja. Ya hamsini aliijua kwa pembe zake saba. Ya mia tano aliijua kwa uzito kabla hata hajaifumba mkononi. Ya mia na ya mia mbili zilimpa kazi kidogo, akazisugua pembeni kwa kucha mpaka akaridhika. "Gulioni hawanipunji," akaniambia. Nikaamini.

Basi kwa wiki kadhaa sarafu zikawa ndiyo mazungumzo yetu ya jioni. Nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili miaka ile ya 1980, na sisi watoto tulizitaja sarafu kwa wanyama wake. Senti ishirini ilikuwa mbuni. Senti hamsini ilikuwa sungura, na wakubwa waliiita thumuni. Senti kumi yenye kingo za mawimbi ilikuwa punda milia, lakini hiyo kwa wakati wetu ilikuwa ya kuchezea tu. Shilingi moja ilikuwa na mkono ulioshika Mwenge. Shilingi tano tuliita dala, na wengi husema ndiyo iliyozaa jina la daladala kwa kuwa nauli ilikuwa dala moja. Ukipewa sungura ya sadaka na mama, ulikuwa na safari nzima ya kushawishiwa, maana njiani palikuwa na muuza ubuyu. Sitasema nilishindwa mara ngapi.

Na sauti! Kikapu cha sadaka kilipopita kilikuwa kinalia. Mzee wa kanisa aliweza kujua kwa sikio tu nani ametia chuma na nani ametia karatasi. Kanisani kwetu sasa namba ya kutuma sadaka kwa simu imebandikwa ukutani karibu na mlango, na kikapu kinapita kimya. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili inazikumbuka bado. Yule mjane wa Injili ya Marko ametiwa senti mkononi, na yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa na kufagia nyumba alikuwa anatafuta shilingi. Watafsiri walitafuta neno ambalo mama wa hapa angelielewa bila kuuliza. Binti yangu aliposoma Luka alidhani mwanamke yule alikuwa bahili, kufagia nyumba nzima kwa shilingi moja! Ilibidi nimweleze kwamba kwa mwanamke yule ile ilikuwa ujira wa siku nzima.

Sasa nifike kwenye kopo.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 2 Aprili 2025. Idi ilikuwa Jumatatu, na tulikuwa tumekula pilau kwa jirani yetu, rafiki wa mama tangu usichana wao, ambaye mimi namwita mama mdogo. Yeye ni Mwislamu, sisi ni Walutheri, na kwa miaka yote Krismasi yetu iliingia nyumbani kwake na Idi yake ikaingia kwetu. Jioni ile ya Jumatano binti yangu alikuwa bado ananisumbua na ile sarafu ya ishirini, anataka kumwona tembo na ndama wake. Nikamwuliza mama kama hana hata moja. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chini ya kitanda changu, upande wa ukutani. Usivute kwa nguvu."

Lilikuwa kopo la Africafe, lile kubwa, limefungwa kwa kitambaa na mpira. Nikaliweka mezani karibu na taa, naye mama akaanza kutoa kitu kimoja kimoja kwa vidole kama anayechambua maharage.

Cha kwanza kilikuwa heller moja, nyeusi kwa uzee, taji bado linaonekana. Ilikuwa ya mama yake bibi. Kisha zikafuata tatu zenye tundu katikati, za wakati wa Mwingereza, zimetungwa kwenye uzi. Bibi yangu alikuwa akizibeba hivyo hivyo zikiwa kwenye kamba kiunoni, hazipotei wala hazilii. Zikafuata senti za mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu yetu ilianza kazi na shilingi ikawa ya Tanzania. Binti yangu akapata tembo wake wawili wa ishirini, akafurahi, akaenda kulala nao.

Kisha mama akatoa shilingi moja ya Mwenge, kubwa, imeng'aa upande mmoja kwa kusuguliwa. Akacheka. "Hii ndiyo iliyokuponya kitovu," akasema.

Hapa nitachepuka kama nilivyowaahidi. Mtakubaliana nami kwamba wengi wetu tulifungwa sarafu tumboni tukiwa wachanga, kitovu kilipotokeza nje. Mama alinifunga shilingi ile kwa kitambaa kwa miezi saba, na kitovu kikarudi, na hakuna atakayemwondolea imani yake. Simlaumu. Lakini niseme kama muuguzi. Ile ni ngiri ya kitovu, na kwa watoto walio wengi hujifunga yenyewe kabla ya kufika miaka minne au mitano, iwe na shilingi au bila shilingi. Sarafu haisaidii kitu. Inachofanya ni kuchubua ngozi, kushika jasho na uchafu. Na kwa mtoto ambaye kitovu hakijakauka ni hatari kubwa, kwa sababu ya maambukizi na pepopunda. Mwache mtoto, kiangalieni kliniki. Ikitokea kile kivimbe kimekuwa kigumu, kimebadilika rangi, mtoto analia kwa maumivu na kutapika, hapo hakuna kusubiri kesho, ni hospitali.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niongeze moja tu. Watoto humeza sarafu. Mara nyingi hupita zenyewe, lakini mtoto akitokwa na mate mengi, akikataa kumeza au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali, na msimpe ndizi wala ugali ati wa kuisukuma. Sarafu yenyewe siiogopi kama ninavyoiogopa ile betri ndogo ya duara ya saa, ya rimoti na ya vitu vya kuchezea, inayong'aa kama sarafu mpya. Hiyo ikikwama kooni huunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mkihisi mtoto ameimeza, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama haonyeshi dalili yoyote.

Nirudi mezani. Nilidhani kopo limekwisha. Mama akaingiza mkono tena mpaka chini, akatoa furushi la karatasi ya daftari. "Na hizi ni zako," akasema.

Nikafungua. Zilikuwa noti. Za elfu kumi zilikuwa thelathini na moja, za elfu tano kumi na nne. Pembeni zilikuwapo noti za mia tano za karatasi, ishirini na tatu, ambazo alikuwa ameziweka akiba ya sadaka. Nilihesabu mara mbili. Shilingi laki tatu, elfu tisini na moja na mia tano.

Zile kubwa nilikuwa nimezituma mimi. Tangu mwaka 2007 mpaka 2010 nilimtumia mama fedha kila nilipoweza. Nilikuwa ninafanya zamu za usiku, nikirudi asubuhi nasimama foleni ya kutuma, na moyo wangu unatulia kwamba mama anakula nyama, anavaa sweta. Kumbe alikuwa anatumia nusu na nusu anaiweka. "Ulikwenda mbali," akaniambia. "Nikasema ukirudi huna kitu, utaanzia wapi?"

Akina mama, nililia. Lakini machozi hayakudumu, kwa sababu nilipoisogeza noti moja kwenye taa niliona kitu kilichonikausha. Tembo alikuwa yuleyule wa elfu kumi, rangi ni ile ile nyekundu. Lakini noti ilikuwa kubwa kidogo kuliko zile zilizokuwa kwenye mkoba wangu. Nikatoa yangu nikaziweka pamoja. Zile za mama zilikuwa za toleo la mwaka 2003.

Labda mnalikumbuka lile tangazo. Oktoba 2024 Serikali ilitangaza kwamba noti za zamani zitaondolewa kwenye mzunguko: za ishirini, mia mbili, mia tano, elfu moja, elfu mbili, elfu tano na elfu kumi, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya mia tano ya mwaka 2010. Kuzibadilisha kulianza tarehe 6 Januari 2025, na mwisho ulikuwa tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazitakuwa fedha tena. Sarafu hazikutajwa. Heller ya bibi ilikuwa salama kwa kuwa ilikufa zamani. Kilichokuwa kinakufa mezani pale ni jasho langu la miaka minne, na zilikuwa zimebaki siku tatu, ya mwisho ikiwa Jumamosi.

Nilimwuliza mama kama hakusikia. Alisikia redioni zaidi ya mara moja. "Walisema noti za zamani," akanijibu. "Mimi nikadhani za Nyerere. Hizi ni za juzi, wewe ndiye uliyenitumia." Nani atamlaumu? Kwa mtu wa miaka themanini na zaidi, mwaka 2003 ni juzi. Tembo anafanana na tembo. Na kwa vidole vyake, vilivyojua hamsini kwa pembe na mia tano kwa uzito, karatasi ni karatasi.

Mimi ndiye sina la kujitetea. Tangazo nililisikia nikiwa bado sijafungasha mizigo, na baadaye nikaliona limebandikwa mjini Lushoto, nikasimama nikalisoma lote. Nikajiambia, mama hana fedha yoyote isipokuwa ninayompa mimi. Miezi mitatu nililala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yangu na lile kopo, tukizungumza habari za mbuni na sungura kila jioni.

Alhamisi asubuhi tukashuka mama na mimi kwa bodaboda mbili mpaka barabarani, tukapanda gari la Lushoto. Mama alivaa vitenge vyake vya kanisani. Foleni benki ilikuwa ndefu, wazee wengi, wanawake kwa wanaume, kila mmoja na furushi lake: kwenye soksi, kwenye bahasha ya eksirei, kwenye kofia. Kijana wa dirishani alikuwa mpole. Alizihesabu noti za mama bila kumharakisha, akampa mpya. Mama alizinusa. Mwaka 2008 fedha ile ingeweza kununua bati za nyumba yake nzima. Mwaka 2025 ilitosha bati za jiko, na ndizo tulizonunua, na sasa mvua ikinyesha jiko halivuji. Nalishukuru sana hilo. Kama binti yangu asingemtafuta tembo wa shilingi ishirini, lingekuwa rundo la karatasi zenye picha nzuri.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa habari njema. Lakini kuna mama mdogo.

Juni alikuja nyumbani jioni moja, akaketi, akazungumza habari za mvua na za mbuzi wake. Alipotaka kuondoka ndipo akafungua pindo la khanga. Noti kumi na mbili za elfu tano, zile za kifaru, za mwaka 2003, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Shilingi elfu sitini. Alikuwa amezipeleka dukani kununua mchele na mwenye duka akazikataa. "Wewe umesoma," akaniambia, "hebu niangalizie zina ubaya gani."

Nilikwenda naye benki kesho yake, ingawa nilijua. Kijana yuleyule mpole, safari hii akatikisa kichwa. Tarehe ilikuwa imepita. Mama mdogo hakugombana na mtu. Alizikunja, akazirudisha kwenye khanga, akasema tuwahi gari.

Ndani ya gari ndipo nilipokumbuka Uingereza, nikaona haya. Mwaka 2017 kule walibadilisha sarafu ya pauni moja. Ile ya duara ilikuwa imeghushiwa sana, wakatoa yenye pembe kumi na mbili mwezi Machi, na tarehe 15 Oktoba ya duara ikaacha kuwa fedha halali. Kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, mimi ndiye niliyejitolea kupita chumba kwa chumba. Nilikaa kitandani na kila mzee, kwa ruhusa yake, tukafungua mikoba, mifuko ya makoti, makopo ya biskuti, tukatoa pauni za duara moja moja. Bibi mmoja alikuwa na arobaini na sita ndani ya birika la chai. Jioni zile niliziona kuwa sehemu ya uuguzi. Na kule aliyechelewa hakupoteza, kwa kuwa mabenki yaliendelea kuzipokea, na noti zao za zamani Benki Kuu yao huzibadilisha bila kujali miaka iliyopita. Nilifanya hivyo kwa wageni ambao kuchelewa kwao kusingewaumiza. Hapa kwetu, ambako tarehe ilikuwa tarehe kweli, Jumatatu nilikula pilau ya yule mama, na Alhamisi tulipita mlangoni kwake mara mbili, kwenda na kurudi, mama yangu akiwa na furushi kifuani. Alikuwa anafagia uwanja. Alitupungia mkono.

Nilimwambia yote hayo mle mle garini. Kisha nikamwambia nitampa elfu sitini. Nilikuwa nazo, na lilikuwa jambo jepesi kwangu.

Akanishika goti. "Mwanangu," akasema, "ile ilikuwa fedha ya sanda. Niliiweka kidogo kidogo, ni ya peasi zangu. Ukinipa wewe, itakuwa ya kwako. Mimi nilitaka niende na yangu."

Sikuwa na la kujibu. Nilijaribu tena mara mbili, nikamtuma hata mama yangu, na mara zote mbili alikataa kwa upole ule ule. Noti zile kumi na mbili bado anazo. Anasema zinapendeza.

Msimu huu ameanza upya. Anauza peasi na mayai, na kila akipata sarafu ya mia tano anaitia ndani ya soksi ya mjukuu. Karatasi hataki tena kuiona. Jumamosi iliyopita aliniita nimhesabie, tukazipanga kwenye mkeka kumi kumi, nyati wote wakiangalia juu. Zilikuwa ishirini na saba. Alizirudisha ndani ya soksi, akafunga fundo, kisha akanitazama.

"Na hawa nyati," akaniuliza, "nao watawaondoa lini?"